Sahani Zilizorudi Tupu

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua daftari jipya leo, maana watu wakubwa huacha kumbukumbu. Mimi ni msimamizi wa jiko la hospitali. Wapishi sita, masufuria kumi na manane, wagonjwa mia moja na arobaini. Tena ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya sayansi na usimamizi wa chakula, kwa njia ya mtandao. Mwaka wa mwisho. Imebaki tasnifu tu. Tasnifu tu! Ni kama kumwambia mwenye mimba kwamba imebaki kuzaa tu.

Mada yangu: rangi ya sahani na mabaki ya chakula cha wagonjwa. Ninachotaka kuthibitisha: mgonjwa akiletewa chakula kwenye sahani ya bluu atakula zaidi. Wazo ni langu mwenyewe, lilinijia nikioga. Wodi ya wanawake ina vitanda kumi na viwili. Sita vya kwanza vitapata sahani za bluu, ambazo nimezitoa kantini ya madaktari kwa maneno matamu. Sita vya mwisho vitabaki na nyeupe. Kila sahani ya mchana inatoka jikoni na gramu mia nne kamili. Ikirudi, napima kilichobaki.

Habari nyingine: mama amelazwa jana. Ana uvimbe tumboni. Daktari anadhani ni wa kutolewa tu, kisha mtu aendelee na maisha yake. Nimemkuta kitanda cha sita, amekuwa mdogo mno ndani ya lile shuka. Tangu baba afariki mwaka juzi amekuwa akipungua, lakini sikujua ni kiasi hiki. Halafu nikakumbuka kwamba kitanda cha sita ni cha bluu.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kupima uzito wodini. Mama: kilo arobaini na mbili. Daktari amesema hampasui mtu mwembamba hivyo, kidonda hakitafunga. Anataka kilo arobaini na tatu. Kilo moja! Nikamwambia daktari asiwe na shaka, mwanawe ndiye mkuu wa jiko na anasomea mambo haya. Daktari akasema vizuri, atakuwa akiangalia jedwali langu la mabaki ili ajue mama anakula kiasi gani. Jedwali langu! Kwenye faili la daktari!

Mwenye wodi hakufurahi. Ni muuguzi mkuu, ninamwita Sista Rula, humu daftarini tu, kwa sababu anavyosimama na anavyofikiri vimenyooka vilevile. Alisema wodi yake si maabara, na kwamba vidonge vya bluu havionekani kwenye sahani za bluu. Nikamjibu kisomi. Akanitazama hadi nikakumbuka nina shughuli jikoni.

Kabla ya kuondoka nilimwinamia mama nikamweleza mambo yalivyo. Kwamba sahani ikirudi na chakula, mimi ninafeli. Kwamba miaka miwili ya kuamka alfajiri iko mikononi mwake. Mama akauliza kwa hiyo anachotakiwa kufanya ni sahani irudi tupu. Nikasema ndiyo, mama, irudi tupu, basi. Akasema hilo si kubwa, baba, nisihangaike.

Ijumaa, 7 Machi

Sahani ya kitanda cha sita, siku tatu mfululizo: sifuri, sifuri, sifuri. Nilipima mara mbili. Nilipuliza mizani vumbi nikapima tena.

Darasa la mtandaoni saa nane. Kuna mwenzetu mmoja ambaye kila kipindi hukaa mbele ya kiyoyozi, makusudi, tukione. Ninamwita Kiyoyozi. Tasnifu yake ni ya maziwa ya mtindi, sampuli mia mbili na arobaini. Mhadhiri akamsifu kwa sentensi tatu. Mimi akaniuliza kama nina sampuli za kutosha. Nikasema nina kitanda cha sita. Akasema kitanda kimoja si utafiti.

Kilichofuata sikukipanga. Nilidhani nimezima kipaza sauti. Nikamfokea mpishi wa zamu kwamba anakoroga uji kama anafukuza mbwa. Darasa zima likasikia. Kiyoyozi akacheka hadi picha yake ikakwama, mdomo wazi, meno nje. Ikabaki hivyo kwa dakika nne na hakuna aliyemwambia.

Jumamosi, 8 Machi

Dada yangu amekuja kumtazama mama. Dada hana shahada ya kitu chochote, ana duka la vitambaa, na bado ana maoni juu ya kila jambo. Amesema mama amekonda zaidi. Nikamwonyesha jedwali. Sifuri tupu, safu nzima. Dada akasema yeye haoni jedwali, anaona shingo ya mama.

Kisha akasema mama hajui kula peke yake. Eti siku zote alikula na baba, na baba alipoondoka, sahani ikawa inapoa mbele yake. Akashauri niwe nashuka mchana kukaa naye. Nikamweleza taratibu kwamba saa sita hadi saa nane nina mizani, nina toroli, nina wapishi sita, na kwamba upweke hauna kipimo. Dada akavuta midomo. Baada ya kutoka kwake niliandika pembeni mwa jedwali: ndugu wa mgonjwa wana imani zao.

Jumanne, 11 Machi

Kilo arobaini na moja na gramu mia mbili. Imeshuka.

Daktari alisimama miguuni pa kitanda akisoma jedwali langu kwa muda mrefu. Mwanzoni nilivimba kichwa. Kisha akanivuta pembeni, karibu na sinki. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mtu anayemaliza sahani zake zote na bado anapungua, basi huenda uvimbe wake si ule alioudhani. Huenda ni ule mwingine. Ataagiza vipimo vikubwa, na upasuaji wa kawaida tuusahau kwa sasa. Ijumaa watampima uzito tena kabla hajasaini.

Nilirudi jikoni nikasimama katikati ya masufuria. Mpishi aliniuliza kuhusu chumvi, nikamwambia ndiyo. Supu ya jioni imerudishwa na wodi tatu. Ninaogopa. Sina namna nyingine ya kuliandika hili.

Jumatano, 12 Machi

Barua pepe ya mhadhiri. Nilimtumia matokeo ya wiki ya kwanza juzi. Ameandika kwamba Jumapili, kwa mujibu wa ratiba yangu mwenyewe, wagonjwa walipewa paja la kuku. Vitanda vyote vina mabaki ya gramu thelathini na kitu, ambayo ni mifupa. Kitanda cha sita kina sifuri. Anauliza kama mgonjwa huyu alikula mifupa.

Mifupa! Sikufikiria mifupa.

Kwanza niliona nirekebishe tu. Mfupa wa paja ni gramu thelathini na moja, kila mtu jikoni anajua. Ningeandika thelathini na moja na kumwambia mhadhiri kalamu iliteleza. Lakini mtu mwaminifu hutunga namba yake akiwa na ushahidi. Nimeamua kesho nimuulize mama huwa anaweka wapi mifupa.

Alhamisi, 13 Machi

Nilishuka wodini dakika kumi baada ya chakula. Sahani ya bluu ilikuwa tupu, inang'aa. Mama alikuwa amegeukia ukutani. Nikafungua kikabati cha kando ya kitanda kutafuta mifupa, na humo nikakuta mfuko wa plastiki umefungwa fundo. Ndani kuna wali. Maharage. Yai zima. Chakula changu cha leo.

Naandika ukweli, kwa kuwa daftari ni langu. Nilitoa kipimajoto kwanza. Nyuzi thelathini na moja. Joto la hatari, bakteria wanazaliana. Kisha nikauweka mfuko kwenye mizani ya mkononi. Gramu mia tatu themanini na nane. Nikatoa kwenye mia nne. Mama alikuwa amekula gramu kumi na mbili. Ni vijiko viwili, na si vya kujaa. Hapo ndipo nilipokaa kitandani pake.

Mama wala hakushtuka. Alisema nilimwomba sahani irudi tupu, na sahani zimerudi tupu, zote, hajaniangusha hata siku moja. Mfuko humpa mama wa usafi kila alasiri, naye huutupa akijua ni taka. Nikamuuliza kwa nini hali. Akasema chakula ni kizuri, wapishi wangu wasilaumiwe, ni kwamba akikitazama hakiingii. Kisha akaniuliza kama nitafaulu.

Kwa hiyo uvimbe haujabadilika kuwa mbaya. Mama ana njaa tu! Nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Halafu nikamkumbuka daktari, jedwali, faili, mhadhiri, Kiyoyozi. Nikisema ukweli, tasnifu imekwenda na maji, na jina langu nalo. Nisiposema, mama atapelekwa kwenye vipimo vya ugonjwa asio nao. Lazima iwepo njia ya tatu. Msimamizi hodari huwa nayo.

Ijumaa, 14 Machi

Njia ya tatu ilikuwa mawe ya mizani.

Jikoni tuna mizani ya zamani ya shaba yenye mawe yake. Nilichukua jiwe la kilo moja, la nusu kilo, na mawili ya robo. Jumla kilo mbili. Hesabu yangu: mizani inasoma arobaini na tatu na ushee, daktari anafurahi, vipimo vikubwa vinafutwa, upasuaji unapangwa, na kati ya hapo mimi ninamlisha kwa siri hadi kilo za kweli zifike. Nani anaumia? Hakuna. Niliyashona ndani ya mfuko wa gauni lake la hospitali. Mama aliniuliza kama na hili ni la shahada. Nikasema ndiyo. Akasema haya, baba.

Alitembea hadi kwenye mizani akitoa mlio kama begi la fundi bomba. Kilo arobaini na tatu na gramu mia moja. Daktari akainua kalamu. Sista Rula akasema subiri. Alimwomba mama achuchumae kidogo, kisha asimame. Mfuko ukachanika. Jiwe la kilo moja likatua sakafuni, likabiringika polepole mbele ya vitanda vyote kumi na viwili, na kusimama kwenye kiatu changu.

Nikasema yote. Mifupa, mfuko, gramu kumi na mbili, yote. Sikupanga kusema, yalitoka yenyewe. Daktari alivua miwani akajipangusa uso. Hakunifokea, na ingekuwa heri angenifokea. Akasema alikuwa amekaa siku tatu akitafuta maneno ya kumwambia mama yangu.

Jumamosi, 15 Machi

Hukumu ya Sista Rula. Moja, sahani za bluu zirudi kantini, leo hii. Mbili, mizani yangu na kipimajoto changu visivuke mlango wa wodi. Tatu, kila siku saa sita na nusu, mimi mwenyewe nitakaa kwenye kiti cha kitanda cha sita hadi mama amalize, bila daftari, bila simu. Nikasema hiyo ndiyo saa yangu ya kula. Akasema basi nije na sahani yangu.

Daktari amempa mama siku kumi. Asipofika arobaini na tatu Jumanne ya tarehe ishirini na tano, atarudishwa nyumbani na uvimbe wake, maana kuna foleni ya wengine.

Chakula cha kwanza. Kiti ni cha chuma, kinauma. Nilikula haraka, mtu mzima kupewa adhabu kama ya mtoto wa shule. Mama alinitazama kijiko hadi kijiko. Akasema ninameza bila kutafuna kama baba yangu. Akanisukumia yai lake. Nikamrudishia. Akalikata katikati, tukagawana. Sikuona alipoanza na wali. Nilipoinua macho ulikuwa umefika nusu.

Jumanne, 18 Machi

Kilo arobaini na moja na gramu mia tisa. Inapanda!

Kiyoyozi ameandika kwenye kikundi cha darasa kwamba amemaliza sura ya nne. Amemalizia na alama ya kidole gumba. Mimi sina sura ya nne. Nina kiti cha chuma.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya nane ya kiti. Sina data ya kuandika, kwa hiyo naandika porojo.

Mama anaongea. Sikumbuki lini mara ya mwisho aliongea hivi. Leo amenihadithia jinsi baba alivyomposa akiwa na shati la kuazima lenye jina la kiwanda cha sabuni mgongoni. Alicheka akapaliwa na chai. Mgonjwa wa kitanda cha saba akacheka naye. Nilichelewa jikoni kwa dakika ishirini na tano na viazi vikaungua, na sijui kwa nini sikukasirika. Alikula chote. Akapangusa sahani kwa mkate. Aliniambia kesho nije na pilipili.

Jumanne, 25 Machi

Arobaini na tatu na gramu mia tatu! Sista Rula alikagua mifuko, pindo, hata soksi. Kisha akatabasamu. Ana meno mazuri, sikujua.

Nilienda kwenye stoo ya unga, nikafunga mlango, nikalia. Nikasingizia unga.

Ijumaa, 28 Machi

Amepasuliwa jana asubuhi. Saa mbili na nusu. Dada na mimi tulikaa kwenye benchi bila kugombana, jambo ambalo halijawahi kutokea. Daktari alitoka akasema uvimbe wote umetoka, ni ule wa kawaida, mama yuko salama. Kazi iliyobaki ni yake mwenyewe: ale, kidonda kifunge, aende nyumbani. Leo amekunywa supu laini. Nilimshikia kikombe.

Jumatatu, 31 Machi

Siku kubwa kwa sayansi.

Nimekaa na mambo haya tangu jana na yote yamenyooka. Tazama. Wiki ya kwanza: sahani ya bluu, mama anakula gramu kumi na mbili. Kisha Sista Rula anazirudisha kantini, mama anapewa sahani nyeupe, na tangu siku hiyohiyo anakula gramu mia nne na kupangusa kwa mkate. Mgonjwa yuleyule. Kitanda kilekile. Mpishi yuleyule. Nimetafuta kwa uaminifu kitu kingine chochote kilichobadilika tarehe kumi na tano, sikukiona.

Nadharia yangu haikuwa mbaya. Nilikosea rangi tu! Nyeupe ndiyo dawa. Nimemwandikia mhadhiri kurasa tano, na nakala nimempa Sista Rula. Aliisoma amesimama. Akaniuliza kama ninafanya mzaha. Watu wa aina hiyo hawaamini matokeo hata yakiwapiga usoni.

Sasa ninaandika sura ya nne mchana na jioni, ratiba haina nafasi ya kiti. Leo ni siku ya kwanza ya mama kurudi kwenye wali. Nimemtuma mpishi wa zamu ashushe sahani, nyeupe, mpya kabisa, niliyoichagua mwenyewe kati ya arobaini. Mpishi aliporudi alisema mama ameuliza niko wapi, na kama nimekula. Nikamwambia akamjibu kwamba nimeshiba.

Saa nane sahani ikarudi. Gramu mia tatu tisini na moja. Wali umepoa, yai limekatwa katikati, nusu moja imesogezwa pembeni mwa sahani, haijaguswa.

Nimelifikiria jambo hili kwa makini. Ni weupe wa sahani mpya, unang'aa kupita kiasi, unaumiza macho ya mgonjwa. Kesho najaribu kijani.